Kisanduku Kilichoninyang'anya Ijumaa

7 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mumeo naye, bado anakoroma? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kunidharau.

Jana nimeishinda mbio mashine yako mpya ya kutuma majalada! Diski za hospitali nimekukabidhi saa nane mchana, mkavu kabisa, nikakiacha kisanduku chako kinatambaa. Haya, naona unacheka. Nilifika nimelowa jasho, na kisanduku chenyewe kilikuwa hata hakijachomekwa kwenye umeme. Lakini kushinda ni kushinda.

Miaka tisa, kila Ijumaa, safari ya saa sita kwenye basi, nabeba nakala za majalada ya wagonjwa ili huku hospitali kukiungua, huko ofisini kwenu ziwepo. Sasa hicho kimekuja kufanya nini? Jana nazungumza na wewe, macho yako yako kwake. Sasa ndipo najua mwanamke anavyojisikia akiletewa mke mwenza.

Baba yako, tarishi asiyechoka


10 Machi

Baba, shikamoo.

Mume wangu anakoroma, na anakusalimu. Goti lipake dawa, usilitukane.

Usikionee wivu kisanduku. Laini yetu ya mtandao ni nyembamba. Kupitisha majalada yote kungechukua siku kumi na tisa. Chenyewe kinakumbuka kilichokwisha kufika, kisha kinatuma mabadiliko tu, tena yamebanwa yawe madogo. Ila kwanza nakala nzima lazima iwe hapa, kipate cha kulinganisha. Alhamisi hospitali watakupa diski moja kubwa. Niletee Ijumaa. Baada ya hapo utapumzika.

Mwanao


23 Machi

Baba, shikamoo.

U mzima kweli? Ijumaa mbili hujafika. Hospitali wanasema diski uliichukua mwenyewe, ukasaini. Simu hupokei. Hatuna nakala mpya hata moja. Mashine ya huko ikifa leo, mgonjwa wa moyo atakaa mbele ya daktari kama mtu aliyezaliwa jana.

Mkuu wangu alitaka kumtuma mtu mwingine. Nikamwambia mbele ya wote: baba yangu akisaini, anafika. Wakacheka. Nakusubiri.

Mwanao


28 Machi

Marahaba, mwanangu.

Mzima, ila si wa kujivunia. Diski ilikuwa chini ya kitanda changu, nimeifunga kwenye shuka. Ile Ijumaa ya kwanza nilifika nayo mpaka kituoni, nikajiuliza: kweli mimi ndiye nimbebe bibi harusi anayekuja kunitoa nyumbani kwangu? Nikarudi nayo. Goti halikuwa na kosa, usije ukalisingizia.

Kisha ikaja barua yako. Hao waliocheka ndio walionipandisha basi. Jana diski nimeiacha kwa mlinzi wa getini kwenu. Sikupanda ngazi. Nilikuona dirishani unakipangusa vumbi kisanduku kwa kitambaa. Miaka tisa naingia humo na vumbi la njia nzima, bega langu hujaligusa!

Baba yako


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Diski imesomeka yote. Leo mabadiliko ya wiki nzima yamefika kwa dakika kumi na moja. Wenzangu wakapiga makofi; nikawaambia wa kupigiwa makofi aliishia getini.

Mbona hukupanda, baba? Mlinzi aliponiita nilishuka mbio na kiatu kimoja. Basi lilikuwa limeshaondoka.

Mwanao


10 Aprili

Marahaba, mwanangu. Wote hamjambo?

Leo Ijumaa. Nimeamka, nimevaa viatu vya safari, nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikavivua polepole, jirani asinione. Wamenihamishia dirisha la kupokea barua. Wengine wanasafiri, mimi napiga muhuri.

Dakika kumi na moja! Mimi dakika kumi na moja nilikuwa bado nagombana na konda.

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Kinakuona kila siku, hakilipi nauli, na hukiulizi habari za goti. Lakini bila mgongo wangu hicho kisanduku kisingekuwa na cha kukumbuka. Kwa hiyo una deni langu, dogo tu. Niandikie barua ya kiofisi, yenye nembo, kwamba kila mwisho wa mwezi natakiwa nije kukagua kama kinasema kweli. Weka maneno mazito, mkuu wangu huwa anayaogopa. Na siku ya ukaguzi andika Ijumaa.

Baba yako