Ng'ombe wa Chuma wa Anguyo

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Kwenye mlima wa pili nimeshuka na kusukuma baiskeli tena. Kutoka nyumbani hadi Arua ni maili tisa, na baiskeli hii hainihurumii hata moja. Mvua ya jana imegeuza barabara uji. Tairi la nyuma halina mpira wa ndani tangu Juni. Nimelijaza majani makavu na matambara, linanidunda mgongo kila likizunguka. Nimefika kazini ghalani zimebaki dakika tano.

Kabla wakulima hawajaruhusiwa kuingia na tumbaku yao, wapakizi wawili wamenisaidia kuipandisha baiskeli kwenye mizani. Ubishi tu, ina uzito gani. Pauni sabini na moja! Kisha nikapanda mimi, na gauni na viatu. Mia na tisa. Wamecheka sana. Mimi ndiye karani wa mizani, nikawaambia waondoke mbele yangu.

Anguyo, mume wangu, ndiye aliyeifanya hivi. Alinunua baiskeli kama za watu wote, akaipeleka kwa mhunzi. Vyuma viwili vya kitanda kwenye uma wa mbele. Keria ya chuma cha lori. Stendi ya miguu miwili. Alitaka ibebe magunia mawili ya muhogo na mbuzi juu yake, na ikabeba. Kisha yeye akafa kwa homa ya ini, mvua za mwaka jana, nikabaki na chuma chake. Naichukia. Lakini mabasi hakuna, petroli hakuna, na malori ya jeshi sipandi. Bila hiyo sina kazi.

Jioni, kwenye kona ya mwisho, nimepiga kengele ili kuku wapishe. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pake. Akainuka. Akanitazama. Akaingia ndani akabamiza mlango. Mlango wa bati, majirani wote wanausikia. Mwaka mzima ni hivyo hivyo, kila jioni. Nimeshiba dharau yake.

Alhamisi, 8 Septemba

Naandika Kiswahili kwa sababu hakuna anayekisoma katika boma hili. Kukisema wanakisema, kile cha sokoni na cha kambini. Mimi nilisoma Nakuru, baba akifanya kazi ya reli. Kilugbara changu kina matege na wakwe zangu hawachoki kukicheka.

Leo amekuja shemeji Ezati, mdogo wake Anguyo. Akikohoa kabla ya kusema, ujue anataka kitu. Amekohoa mara tatu. Habari imetoka Koboko, kwa mjomba wa marehemu, kaka yake mama mkwe. Mzee Wani. Mtu akifa, wajomba hupewa ng'ombe, maana mwili ule ulitoka kwao. Mwaka umepita na Mzee Wani hajaona hata mkia. Na mjomba aliyenyimwa huapiza watoto wa marehemu. Hao ni wangu. Letaru na mdogo wake.

Ezati ana ng'ombe wawili. Nikamtazama, nikangoja.

"Mama Letaru," akasema, "ngombe yangu yote iko na mimba."

Nikamuuliza, hata lile dume?

Ameondoka bila kuaga.

Jumapili, 11 Septemba

Wamekaa kikao baada ya kanisa, wanaume sita wa ukoo. Mimi nimeitwa mwishoni, kama mtu anayeitwa kuondoa vyombo. Uamuzi ulikuwa umeshapikwa. Nyumba ya Anguyo haina ng'ombe, lakini ina baiskeli. Ina nguvu kama ng'ombe, amesema Ezati, inabeba kuliko punda. Basi baiskeli ndiyo ng'ombe. Ipelekwe Koboko Jumamosi hii. Na kwa kuwa kitu cha marehemu hupelekwa na nyumba ya marehemu, nitaipeleka mwenyewe.

Nikasema, na kazi yangu? Mzee mmoja akauliza kazi gani.

Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya muhogo. Nilidhani atanyamaza. "Mwanamuke napanda baiskeli ya mwanaume, mguu moja huku, mguu moja huku. Iko haya. Hata iende."

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu Ezati nilimpikia miaka saba.

Jumatano, 14 Septemba

Nimechelewa. Majani ya tairi yametoka yote kwenye mteremko wa daraja, nimekaa kando ya njia nikishindilia mapya huku watoto wa shule wakinitazama. Msimamizi ameningojea mlangoni na saa yake mkononi.

"Mama, hii iko mara ya pili. Ukichelewa tena, mizani iko ya mutu ingine."

Sikumwambia kwamba kuanzia Jumatatu nitakuwa natembea kwa miguu. Maili tisa kwa mguu ni saa tatu. Nitoke kuku hawajawika, nirudi watoto wamelala. Siku ya kwanza nitaweza. Ya kumi sitaweza. Msimamizi anajua, wakulima wanajua, na yupo binamu yake anayezungukazunguka pale ghalani akiitazama mizani kama mchumba.

Letaru ana homa. Mambo ya kuapizwa siyaamini. Mchana siyaamini.

Ijumaa, 16 Septemba

Homa imeshuka. Nimempa kwinini na uji, akaomba nyama. Amepona basi.

Leo nimekaa na spana mbele ya baiskeli. Nimelegeza nati za gurudumu la mbele, zote mbili. Nimemwona kabisa Mzee Wani akiruka juu ya usukani na meno yake yakitangulia. Nimefurahi kwa muda mrefu kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba atakayeiendesha kwanza ni mimi. Nimekaza tena.

Nikiwa bado nimechuchumaa, mama mkwe amekuja akasimama juu yangu. Amesema atakwenda. Ni kaka yake, ni mwanawe aliyekufa, lazima aone kitu kikifika. Atakaa nyuma. Hakuuliza, ameniarifu tu. Haya ya mguu huku na huku imekwisha leo.

Nimesema sawa, mama. Ningeweza kuuma pedali.

Jumapili, 18 Septemba

Tumerudi. Mapaja si yangu. Nitaandika yote, maana nikilala nitasahau mpangilio.

Jana alfajiri nimekunja gunia kwenye keria, mama mkwe amekaa upande, miguu pamoja, ameshika kiti changu kwa mikono miwili. Yeye ni pauni tisini, na ulimi. Maili ishirini na sita hadi Koboko. Ezati alitutangulia na baiskeli ya kuazima, nyepesi, imepakwa rangi nyekundu. Alitupungia mkono akapotea kwenye kona. Mimi niliendelea kukanyaga.

Mama mkwe hakunyamaza mpaka Maracha. Nayumba. Naenda pole. Naenda mbio. Gunia inachoma. Kwenye milima alikataa kushuka, nikamsukuma yeye na chuma pamoja, jasho likiniingia machoni, nikimtukana kimoyomoyo kwa lugha zote tatu ninazojua. Lazima niseme ukweli kuhusu chuma hiki. Mashimo yote yale, na hakikulalamika hata mahali pamoja. Mhunzi yule alijua kazi.

Karibu na Koboko kuna kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja ameshika usukani.

"Mama, hii baiskeli iko ya nani?"

Nimefungua mdomo. Yangu? Ya marehemu? Ya mjomba? Hapo ndipo ukichelewa kujibu unanyang'anywa.

"Iko ngombe," amesema mama mkwe kutoka nyuma.

Askari amemtazama.

"Mutoto yangu alikufa. Sisi napeleka kwa mujomba."

Askari ameachia usukani. Amevua kofia yake, kijana mdogo tu, na ametuinulia ule mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee Wani alikuwa askari zamani, enzi za Waingereza, na bado anakaa kwenye kiti kama anapigwa picha. Majirani walikuwa wamekwisha kusanyika. Pombe ilikuwa tayari, na muhogo wa watu umeanikwa uwanja mzima. Ezati hayupo. Tumengoja, hayupo. Mzee amesema hangoji mtu, anataka kuona mnyama wake.

Ameizunguka. Ameipiga keria teke. Amesema jeshini alipanda baiskeli kutoka kambi hadi kambi, bunduki mgongoni, mchana kutwa. Amejaribu kuitoa kwenye stendi kwa mkono mmoja. Haikutoka. Kwa miwili. Imetoka na kumwegemea. Amepanda, namsifu kwa hilo. Amezungusha pedali mara tatu, usukani ukaenda kushoto peke yake, akaingia na baiskeli katikati ya muhogo ulioanikwa. Amelala pale chini ya chuma, ametapakaa unga.

Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma shavu kwa ndani mpaka likatoa damu.

Wamemwinua. Amejipangusa. "Hii haiko baiskeli," amesema. "Hii iko mzigo. Jumatatu nauza sokoni, mutu ya Kongo atanunua chuma."

Atanunua chuma! Hapo nikajua kwamba kweli nimeipoteza. Hadi dakika ile nilikuwa na tumaini la kijinga, sijui la nini. Nikaona mizani ya ghala na yule binamu ameisimamia. Nikaona watoto. Hasira ikanipanda, na mdomo wangu ukafunguka mbele ya wazee bila ruhusa.

"Mzee, ng'ombe wako atachungwa na nani?"

Mwanamke wa kuolewa hasemi pale. Nimesema, na sikujua ninakwenda wapi na swali lile. Mzee Wani alikuwa anafungua mdomo anifukuze.

"Nauliza vizuri," amesema mama mkwe. Alikuwa ameketi chini, anajikanda nyonga, hata hakuniangalia. "Ngombe yako ingine, we unaweka kwa nani? Unaweka kwa mutu, yeye nachunga. Muchungaji nakunywa maziwa. We nashika jina."

"Hii haina maziwa, dada."

"Inaleta chumvi. Inaleta sabuni. Nani naleta yangu, Ezati?"

Wazee wameanza kuitikia kwa vichwa. Ndivyo inavyofanywa, kila mtu mwenye ng'ombe anajua. Na ukoo wetu wenyewe ndio ulioiita ng'ombe, basi ichungwe kama ng'ombe. Mzee Wani ametazama chuma, ametazama muhogo uliomwagika, ametazama goti lake. Nadhani goti ndilo lililoamua.

Amesema vema. Ng'ombe ni wake. Mchungaji ni mimi. Watoto wamesamehewa, ameweka mate kiganjani na kuwapulizia upande wa kusini, tulikotoka. Ila kila ng'ombe wake hukatwa sikio ili ajulikane. Ameomba spana yangu. Amefungua kengele.

Ameipiga kwa kidole gumba, mara moja, akaitia mfukoni.

Nilidhani sijali kitu chochote cha baiskeli hii. Ilibidi niende nyuma ya nyumba. Anguyo alikuwa akiipiga mara mbili, fupi, kabla ya kona, hata kama hakuna kuku.

Ezati amefika jua likizama, anasukuma. Rimu ya mbele imepinda kama sahani ya jela. Alikuta mambo yameisha na pombe imeisha. Mama yake amemuuliza kama lile dume limeshazaa.

Kurudi leo, mama mkwe hakusema neno hadi nyumbani. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na huyu si wangu tena hata kwa jina. Lakini yuko hapa nje, kwenye stendi yake.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimewahi. Msimamizi amenuna. Binamu yake hakuonekana. Nimekanyaga jogoo wa jirani kwenye kona, kwa kuwa sina cha kupiga, na jirani amenitukana hadi ukoo wa nne. Nimemrudishia.

Alhamisi, 22 Septemba

Tumbaku nyingi leo. Mikono inanuka hata baada ya kunawa.

Nimerudi bila mvua. Kwenye kona nimepiga kelele, "Pisheni!" kama mwendawazimu. Mama mkwe alikuwa mlangoni pake. Hakuinuka. Nikangoja mlango ubamizwe. Haukubamizwa. Ameendelea kuchagua maharage kwenye ungo.

Nimempa chumvi yake. Ameishika, hakushukuru. Kisha amesema, akiangalia maharage:

"Ile kengele. Kila siku nasikia, nasema Anguyo anarudi. Nasimama. Halafu nashuka wewe."

Mwaka mzima nimemchukia mtu kwa kuinuka. Bado simpendi. Ana ulimi, na Jumamosi ile hakushuka hata kwenye mlima mmoja. Lakini nimesimama pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumkabidhi mtu chumvi.

Amesema kesho kutwa nimpeleke sokoni Arua. Gunia likunjwe mara mbili, lile la Koboko lilikuwa jembamba.

Mlango wake uko wazi hadi sasa ninapoandika. Kesho lazima nibadilishe majani ya tairi la nyuma.