Hesabu Uliyoipiga Mara Moja

Muscat, Ijumaa, baada ya Alasiri. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke Kinondoni.

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ulimi umezoea na sitaki kuuzuia.

Kaka Nassor alinipigia simu juzi. Amejenga chumba uani, pale ilipokuwa stoo yako, amekipaka rangi na kuweka feni. "Chumba chako hicho, mdogo wangu," akaniambia. "Mtu hazeekei ugenini. Rudi." Nikamwambia nitamjibu. Kabla ya kumjibu yeye nimeona niseme na wewe, kwa sababu aliyenitoa nyumbani ni wewe. Barua hii naiandika wazi, yeyote aisome, maana huku tuko wengi tuliotolewa majumbani kwa hesabu kama yangu, na baba zetu hawapo tena wa kuulizwa.

Majirani hawakuielewa kazi yako. Umeme ukikatika walikuja kugonga mlango: "Mzee, tuwashie basi, samaki wanaoza!" Nawe ukiwa na msuli kiunoni unawajibu, "Mie siwashi, bwana. Mie nagawa." Wakaondoka wakicheka, wakidhani unakwepa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ulikaa katika chumba cha kudhibiti umeme, mbele ya ukuta wenye taa na mishale, ukiamua mtambo upi uzalishe kiasi gani: wa maji kule bwawani, au wa mafuta hapa mjini. Kinu cha saruji kule Wazo kikianza kusaga, mshale unaruka, nawe huna budi kuamua mzigo ule aubebe nani ili gharama ya wote kwa jumla iwe ndogo.

Mimi niliielewa kazi hiyo sokoni Tandale, mama alikokuwa akiuza mchele. Lori la mchele wa mama lilifika wingu likiwa limeshatanda, na wapo wapagazi wawili tu, kijana mwenye kifua kama mlango na mzee mwembamba kutoka Lindi. Mama akaamuru wagawane nusu kwa nusu.

"Mama, nusu gani hiyo?" kijana akalalamika. "Huyu gunia analibembeleza kama bibi harusi!"

"Wewe kimbia tu," mzee akamjibu. "Jioni utamwita mama'ako akukande mgongo."

Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka zamu. Ukasimama nyuma ya lori ukaanza kugawa. Magunia ya mwanzo yote ukampa kijana. Alipoanza kuhema ukamwita mzee. Kisha kijana tena, tena, halafu mzee. Mama akauliza kama umekuja kucheza bao na watu wake. "Nauliza jambo moja tu," ukamjibu. "Gunia hili litamchosha nani kidogo? Abebe huyo. Lijalo tutauliza tena."

Mvua ilipoanza, mchele wote ulikuwa ndani.

Njiani ulinieleza kwamba mitambo nayo iko hivyo. Ukiupa mtambo kazi ndogo, uniti zake ni rahisi. Ukizidi kuubana, kila uniti inayofuata inakuwa ghali kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo humpi wote aliye rahisi, wala hugawi sawa kwa sawa. Aliye na nafuu unamwongezea, aliyeelemewa unampunguzia, mpaka uniti inayofuata igharimu sawasawa popote utakapoichukua. Hapo unaacha mkono. Wakubwa wako walipenda kusema maji ni bure, yatumike kwanza. Ulikereka sana. "Waje waniambie hivyo kiangazi, bwawa likikauka," ulikuwa unasema.

Kisha ukastaafu, na figo za mama zikaanza kushindwa, matibabu yakataka fedha. Ami alikuwa na nafasi ya mtu mmoja dukani kwake huku Muscat. Ulituita Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, sinia bado liko mkekani. Nassor akasema, "Bora niende mie," lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake aliyelala mapajani. Mdogo wetu Zuhura alikuwa chuo cha uuguzi. Ukatutazama mmoja mmoja, kama ulivyowatazama wale wapagazi.

"Salum," ukasema, "tukikutoa wewe ndiyo tutaumia kidogo."

Mama akanyanyua sinia. "Kidogo kwa nani?" akauliza, akaenda zake jikoni.

Nami nikacheka, baba. Unakumbuka? Nikasema haya, nitakwenda, na nikirudi nitaleta halua. Sikuwa na mke wala mtoto, na kazi yangu ya Kariakoo mtu yeyote angeweza kuifanya. Sikuiona kasoro hesabu ile, na mpaka leo siioni. Kwa siku ile ilikuwa sahihi.

Nikiwa huku nilianza kuitafuta hesabu yako vitabuni. Kuna Mhindi pale Mattrah anauza vitabu vya zamani; alinipatia viwili vya uhandisi, nikavisoma polepole kwa miaka. Humo nikaona jambo ambalo hukuwa na haja ya kunieleza, kwa sababu kwako lilikuwa kama kupumua. Hesabu hiyo haikai. Mji wa alfajiri si mji wa Magharibi taa zinapowashwa, kwa hiyo mgawaji hufuta na kuanza upya, mara nyingi katika zamu moja.

Nilifunga kitabu nikalia, mtu mzima mimi, dukani, mteja akingojea kupimiwa kitambaa.

Maana Zuhura alihitimu akaajiriwa. Watoto wa kaka wakakua, wakaanza kujitegemea. Mama akapata nafuu, kisha akazidiwa, akawa ananiita usingizini, Zuhura akaniambia kwa simu. Gharama ya kuniacha huku ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeuliza tena. Wewe uliyeuliza upya kwa kila gunia la wapagazi, kwangu uliuliza mara moja. Nikipiga simu ulisema, "Umekula?" Nilisema nimekula. Kisha ukampa mama simu.

Nilikuwa na hasira nawe muda mrefu. Siku hizi nadhani uliogopa jibu. Ukiuliza tena, pengine hesabu ingesema Salum arudi, na mzigo wangu angeubeba nani? Ukafariki bila kuuliza. Ulizikwa jioni ileile. Ndege yangu ilitua siku ya pili, nikaukuta udongo umekwisha kukanyagwa.

Mwaka jana nilikwenda. Walinipokea kwa vifijo. Walinitandikia shuka mpya, wakaniwekea paja la kuku, wakanikataza kubeba hata begi langu. Asubuhi nikaingia jikoni nijichemshie chai, nikafungua kabati zote nikitafuta sukari. Binti wa Nassor akanikuta. "Baba mdogo jamani, mgeni haingii jikoni! Kaa, nakuletea." Hakuwa na ubaya wowote. Nyumba ile imejigawia kazi zake zote, na hakuna iliyobaki wazi kwa ajili yangu. Hapa Muscat hakuna anayenipenda kama wao. Ila yupo muuza chai ambaye akiniona natoka msikitini anapunguza sukari bila kuambiwa.

Nikiwa kwenye kiti kile cha mgeni nilikumbuka neno lako kuhusu mitambo mikubwa ya mafuta. Ikizimwa siku nyingi inapoa mpaka ndani ya chuma, na ili iwake tena unachoma mafuta muda mrefu kuipasha moto tu, bila kupata hata uniti moja. Kama kazi iliyobaki ni ndogo, ulisema, kuiwasha ni hasara. Nina miaka sitini na sita na moyo wenye maradhi. Kujifunza upya nyumba ile, mitaa ile, wajukuu wasionijua, kungekula muda wote niliobakiza.

Safari hii nimepiga hesabu mwenyewe, baba, na nimeirudia kila siku tangu Nassor apige simu. Jibu halibadiliki. Kesho nitamwambia chumba ampe mwanawe wa mwisho anayetaka kuoa. Atanuna, kisha atanielewa, au hatanielewa. Mungu akurehemu wewe na mama, awape wasaa huko mliko. Sitarudi nyumbani.

Mwanao wa pili,
Salum