Mama, Viatu Havikukubana

Mama yangu mpenzi,

Salamu kutoka Al Rigga, huku Dubai, ambako mwanao bado anatandika vitanda vya watu. Nimekaa kwenye chumba cha mashuka, ghorofa ya saba ya hoteli, juu ya ndoo niliyoigeuza. Ni saa ya mapumziko na sina nguvu ya kushuka kula. Nimechoka, mama. Kazi nimeizoea, si hiyo. Nimechoka kuogopa.

Nataka kuungama kwako jambo lililotokea siku uliyokufa.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza huku nilivyokupigia nikilia kwamba nina ugonjwa wa moyo? Moyo ulikuwa ukienda mbio bila sababu, mikono inapoa, pumzi haishuki, nami najua kabisa ndiyo mauti hayo yamefika. Ukaniambia nisome Ayatul Kursiyu na nisilale na njaa. Nilisoma, nikala. Nikaenda hospitali mara tatu, na mara ya tatu daktari akanionyesha ile karatasi ya mashine akasema, "Moyo wako mzima kuliko wangu. Unaugua hofu." Niliona haya, nikatamani afadhali ungekuwa moyo. Huu ni mwaka wa sita. Inanijia kwenye lifti, inanijia kwenye metro, mara nyingine natia foronya tu na inanijia. Nakaa chini mpaka ipite, nanawa uso, nahamia chumba kinachofuata.

Siku kaka Salim alipopiga kunambia umetangulia, madam wangu, yule Mfilipino anayetusimamia sisi wasafishaji, hakuniuliza hata swali. Saa moja haikuisha, ruhusa ya siku kumi ilikuwa imetiwa saini, na yeye mwenyewe akanibebea begi hadi kwenye teksi. Kukuzika nisingewahi, lakini hitma ya siku ya tatu ningeiwahi.

Nilifika uwanja wa ndege, mama. Nilifika hadi kwenye foleni ya mwisho, watu wanaonyesha tiketi na kuingia. Mbele yangu walibaki wanne. Nikauona ule mlango, nikawaza kwamba ukishafungwa sitoki tena, na masikio yakaziba. Nilitoka kwenye foleni nikakimbilia chooni, nikavua viatu nikakaa sakafuni. Nilisikia wakiita jina langu kwenye vipaza sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikuinuka. Ndege ikaondoka.

Pale sakafuni, viatu viko pembeni, nilikuona wewe kwenye kivuko cha Likoni, upande wetu wa kisiwani.

Kila Jumapili tulikuwa tukiteremka hadi pale feri inapotia nanga, kikapu cha mahamri mkononi, na kila Jumapili mamdogo Rukia, ndugu yako wa tumbo moja, alivuka yeye kutoka Likoni kuja kukichukua. Wewe hukuvuka hata siku moja. Mamdogo alipofariki, nilikuwa na miaka kumi na moja, tulikwenda na majirani wote, tumejifunga leso za matanga. Kwenye mteremko ukasimama. Ukanipa kikapu, ukasema, "Nenda na wenzio, mie viatu vinanibana." Nikavuka bila wewe. Kule matangani nikawasikia wanawake wakinong'ona kwamba dada gani huyu, hata maiti anainunia. Niliona aibu, mama. Nilikukasirikia miaka na miaka. Viatu vyenyewe vilikuwa vya wazi, navikumbuka.

Basi kutoka uwanjani sikurudi hotelini. Nilikwenda Al Barsha kwa Grace, rafiki yangu Mganda anayelinda mlango wa duka, nikajificha kwake siku zote kumi. Salim alipopiga nikamwambia madam amenikatalia ruhusa. Niliporudi kazini, madam akanikumbatia, akaniuliza kama kaburi lako liko mahali pazuri. Nikamwambia liko chini ya mwarobaini. Nilitunga hata mti, mama, na nikaumwagilia machozi ya kweli.

Uwongo ule ukaota miguu. Kwenye hitma yako, shangazi zangu waliinua mikono wakamwombea mabaya madam aliyemzuia mtoto asimlilie mamake. Mtu wa watu, hana habari, huku kila asubuhi ananiuliza kama nimekula.

Sasa mwaka umekaribia. Nimeomba ruhusa nije kwenye hitma ya mwaka, na madam amenipa tena, bila swali tena. Juzi Salim akapiga, sauti imemwiva kwa hasira. "Akikukatalia safari hii, tunamsomea albadiri. Ijumaa, baada ya Alasiri. Nishaongea na maalim."

Unajua mimi na albadiri. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kisomo kile hakikosei mtu, kikisomwa kinamtafuta mwenye makosa popote alipo. Nilikata simu nikakaa juu ya ndoo hii hii, nikihesabu vigae. Niliogopa kisomo, ni kweli. Lakini zaidi niliona uchovu. Nilijiona nikibeba uwongo ule mwaka wa pili, na wa tatu, na mikono yangu yenyewe ishajaa.

Nikampigia. Nikamwambia yote: foleni, choo, Al Barsha, mwarobaini.

"Kumbe umerithi," akasema.

"Nimerithi nini?"

"Unadhani mama alikuwa na ugomvi na mamdogo? Alikuwa haiwezi feri. Alinambia mwaka ule alipokuwa kitandani. Kila akikanyaga mteremko ule, roho inataka kumtoka. Akasema nisikwambie, utakuja kuogopa na wewe."

Mama, nilikasirika. Bado nimekasirika, na nakwambia wazi. Miaka sita nadhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa hivi. Ungenambia neno moja tu kwenye simu, siku ile ya kwanza, kwamba unaijua. Uliniambia nisilale na njaa. Lakini nikikuwaza umesimama pale mteremkoni, ndugu yako amelazwa ng'ambo, umati wote unakutazama mgongo, hasira inakosa pa kukaa. Nisamehe kwa ile aibu. Nilikuwa mtoto.

Nilimuuliza Salim kama kuna mti kaburini. Akasema hakuna, ni jua tupu. Akasema pia albadiri khalas, haisomwi tena, na shangazi zetu atawaambia yeye mwenyewe. Madam bado sijamwambia. Nitamwambia nikirudi, na ule mwarobaini nitaung'oa. Kwa sasa nguvu zimetosha kumwambia mtu mmoja tu.

Ndege ni Alhamisi asubuhi. Sina ahadi ya kukupa. Grace amesema atanisindikiza hadi pale wasindikizaji wanapozuiwa. Kutoka hapo ni mimi na miguu yangu. Jana nilinunua ndara sokoni, pana, za mpira, ukubwa umezidi kidogo. Ndizo nitakazovaa. Nikifika kwenye ule mlango nikashindwa, nitampigia Salim nikiwa pale pale, na nitamwambia nimeogopa.

Lala salama, mama. Mwaka huu umeniwia mrefu bila sauti yako.

Ni mimi,
kitindamimba wako, uliyempa kikapu akavuka