Tumeitengeneza

Baba yangu,

Shikamoo. Huku Ulaya hakuna wa kumwamkia. Ofisini tunaitana majina tu, hata bosi mwenye mvi, na mwaka wa pili sasa mdomo umeanza kusahau.

Leo nimekukumbuka hadi nikajifungia chooni nikalia. Nilikuwa namfanyia usaili kwa video dada mmoja wa Tabora, anaomba kazi kwenye hii kampuni yetu kubwa ya teknolojia. Kila nikimuuliza kazi alizofanya, anajibu, "Tulitengeneza, tulijaribu." Nikamkatiza: "Wewe mwenyewe ulifanya nini?" Akatazama chini. Roho iliniuma, maana yule nilikuwa mimi.

Unaikumbuka redio ya yule mzee mfugaji wa Malolo? Nilikuwa darasa la sita, likizo, kwenye kibanda chetu cha ufundi pale Mikumi, malori yakipita mpaka bisibisi zinatikisika mezani. Niliitengeneza peke yangu, wewe ukiwa msikitini. Mzee aliporudi ukamwambia, "Tumeitengeneza." Nikanuna!

"Baba, umeitengeneza na nani?"

"Na fundi mwenzangu," ukacheka. "Kwani bisibisi ni ya nani?"

Tangu siku hiyo nami nikawa mtu wa "tu". Na hiyo "tu" ndiyo iliyoniangusha usaili wa kwanza wa kampuni hii. Walisema hawakuelewa mimi hasa nilifanya nini. Nilirudi kutoka kwa shangazi Kilosa mjini, nilikofuata mtandao, macho yamevimba. Wala hukunipa pole. Ulivuta stuli, ukavaa miwani yako iliyofungwa uzi, ukajifanya msaili.

"Haya binti, nani ametengeneza simu hii?"

"Tu..."

"Nani?"

"Mimi."

"Sema tena. Baba yako hanuni."

Wiki nzima, Baba, mbele ya wateja! Walidhani tumechanganyikiwa.

Waliponiita tena, nikapita. Nikakupigia kutoka Kilosa, napiga kelele: "Baba, nimepata kazi!" Nilitegemea useme "tumepata". Wewe ukasema, "Hongera, mwanangu. Umepata." Ulijitoa mwenyewe, nami kwa furaha zangu sikukurudisha. Nikasafiri. Miezi saba baadaye nikapigiwa simu kwamba umetutoka, na nilipofika Mikumi ulikuwa umeshazikwa.

Sasa nimekuwa hodari wa "mimi". Naugua mimi, najipa pole mimi. Idd iliyopita nilipika pilau ya mtu mmoja, na bado ikabaki. Nimechoka na upweke huu, Baba.

Yule dada nimempitisha. Wenzangu wakauliza mbona, nikawaambia anajua kufanya kazi na watu. Kisha wakaondoka, nikabaki peke yangu mbele ya kompyuta iliyozimwa, nikasema kwa sauti lile neno nililopaswa kukwambia siku ile.

Baba, tulipata.

Ni mimi bintiyo,
fundi mwenzako