Shati la kupulizia ndani ya beseni la nepi

Jumatano. Mvua imeanza saa nane mchana na haina dalili ya kukatika. Nimekaa na buti zenye tope, naona aibu hata kujichemshia chai.

Mimi ni bwana shamba. Kwetu ni Singida, na huu ni mwaka wa tatu niko Busale. Watu wa hapa wananiamini kuliko ninavyostahili.

Leo nilikwenda kumwona Atupele, mke wa Ambakisye. Alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike, mdogo mno, akakaa hospitali wiki tatu akisaidiwa kupumua. Sasa wako nyumbani. Mtoto ananyonya kidogo, anachoka, analala.

Mwanzoni mwa msimu wa mpunga niliwafundisha wakulima kwamba mjamzito asibebe bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Nilijisifu kwa somo lile. Ambakisye alilishika kama nilivyolisema, bomba akabeba mwenyewe. Atupele, mimba ya miezi mitano, akawa anachota maji, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anaikoroga kwenye ndoo, na jioni anafua nguo za mumewe kwa mikono mitupu.

Kuhusu ndoo sikuwa nimesema kitu. Wala kuhusu kufua.

Na nilimwona. Nilikuwa barazani kwao nakula ndizi alizonipikia, yeye anakoroga hatua chache tu kutoka nilipokaa, harufu inanifikia. Lakini shamba lao ndilo lilikuwa shamba darasa langu, wakulima wenzao walikuwepo, na wakubwa wangu wa wilayani walikuwa njiani kuja kuliona. Nikajiambia sitaki kumwaibisha mwenyeji wangu mbele za watu. Uongo. Sikutaka nionekane nimefundisha nusu.

Nikamaliza ndizi zangu.

Wiki iliyopita nilimuuliza nesi mmoja. Akasema hakuna anayeweza kuapa kuwa ni dawa, mtoto huwahi kuzaliwa kwa sababu nyingi. Ila mjamzito hakupaswa kuikaribia kabisa, hata ile iliyoganda kwenye nguo, na mtoto mchanga vivyo hivyo.

Nilikwenda leo nikiwa nimekusudia kuyasema hayo. Nikamkuta mama mkwe wake amekaa pembeni ya kitanda. Yeye ana hukumu yake tayari: Atupele alipanda mtumbwi ziwani kwenda Lyulilo kununua vyungu akiwa na mimba, mawimbi yakamtikisa mtoto.

Atupele akanigeukia. "Bwana shamba, wewe umesoma. Eti ni mtumbwi?"

"Hapana, mama. Mtumbwi hauna kosa."

"Basi ni nini?" akauliza mama mkwe.

Nikaangalia chini. Nikasema mambo haya anayajua Mungu.

Nimemsingizia Mungu, mimi niliyekuwa nakula ndizi.

Nikaaga. Nilipopita uani nikaliona shati la Ambakisye la kupulizia, lile la kijani, limelowekwa kwenye beseni moja na nepi za mtoto. Nililitambua. Mvua ikaanza kudondoka, nikawasha pikipiki nikaondoka. Sijui niandike nini hapa cha kunitetea.

Nilipofika nyumbani nikampigia Ambakisye. Nikamwambia atoe lile shati, nepi zifuliwe upya kwa maji mengine na beseni lingine, na nguo za dawa kuanzia leo azifue yeye mwenyewe, mbali na mtoto. Nikaona walau hilo nimelifanya.

Akanisikiliza vizuri, kama siku zote. Kisha akasema, "Ndaga fijo, bwana shamba, asante sana. Huyu Atupele naye hana uangalifu. Ngoja nikaseme naye."

Akakata simu kabla sijajibu. Nimempigia tena mara mbili, haipokelewi. Bila shaka yuko chumbani anamsema mkewe, mama yake anaitikia, na mtoto yuko katikati yao. Kosa ni langu, anayegombezwa ni Atupele, na safari hii fimbo nimewapa mimi.

Kesho asubuhi kabla ya ofisi nitarudi kwao. Sitamwita Ambakisye pembeni tukayamalize kiume. Nitasimama mbele ya mama mkwe na mbele ya Atupele mwenyewe, niseme: nilikuona ukikoroga dawa ukiwa na mimba, nikajua ni hatari, nikanyamaza.

Nimelisema kwa sauti humu chumbani, peke yangu. Sikufika mwisho.