Leo Hakuna Ndege

Apple Valley, Januari 2018

Mama,

Shemasi, yule ndege wako, amerudi. Kama ni yuleyule au ni ndugu yake mimi sijui, ila ana kifua kile cha rangi ya chungwa na ule mkanda mweusi uliokufanya umpe jina. Nilimwona Jumatatu asubuhi nikitoka kazini. Alikuwa chini ya mti wako wa vitofaa vichungu, anachakura theluji, anatafuta. Hakupata kitu. Tangu uondoke hakuna aliyemwaga maganda pale. Nilimtazama nikiwa bado ndani ya gari, na badala ya kufurahi nikasikia mabega yote mawili yamelegea. Nikasema moyoni, haya, sasa wale watu watakuja.

Sikumwambia mtu. Nimechoka, Mama. Acha niliseme hilo kwanza ili nisilirudierudie.

Bado niko kule hotelini Bloomington, kwenye chumba cha kufulia. Nakunja mashuka ya watu waliolala vizuri, kisha narudi nyumbani nashindwa kulala mimi. Baba Gloire yuko barabarani na lori lake, akirudi anakula, analala, anaondoka. Gloire amerefuka, viatu vyangu havimtoshi tena. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Wewe alikuwa anakujibu, hata kama alikuwa anakosea na wewe unacheka mpaka unashika mbavu. Wamama wa kanisa walikuja sana mwanzoni, halafu kila mmoja akarudi kwenye zamu yake. Siwalaumu. Kitenge chako cha samaki bado kiko nyuma ya mlango wa jikoni. Nikipita nakigusa.

Wale watu wa ndege ndio niliowalaumu. Nataka ulijue hilo, maana uliwapenda.

Unakumbuka walivyoanza. Ulikataa kabisa chakula kutupwa kwenye pipa, ukawa unamwaga maganda na makombo ya wali chini ya mti, baridi ikikuuma mpaka machozi. Shemasi akaja kula. Jirani yetu Papa Roy, ambaye kabla ya hapo alikuwa anatupungia mkono tu, akamwona kutoka dirishani kwake, akawapigia wenzake. Gloire alitueleza baadaye kwamba ndege wa namna ile anakaa mbali huko magharibi, kwenye milima, na kwamba amepotea. Ulimkatiza palepale: "Nani alikuambia amepotea? Iko anajua kwenye kuna chakula."

Lakini siku yenyewe hukuwa unajua hayo. Ulichungulia dirishani asubuhi ukaona magari yamejipanga, na wazungu wamejaa mbele ya nyumba, wamesimama kwenye theluji, kimya, macho yote kwetu. Ukanipigia simu kazini. Sauti yako bado ninayo masikioni: "Batu bamejaa inje. Habasemi kitu, banaangaria tu nyumba. Solange, kuya uniambie ni nani amekufa."

Niliacha mashuka kwenye mashine. Njia nzima nilikuwa nawapitia ndugu zetu wa Uvira mmoja mmoja, nikijiuliza ni nani kati yao. Nikafika nikakuta watu na darubini za miguu mitatu wanatazama ndege. Nikaingia, nikakukuta umekaa chini sakafuni, umevua hereni, umejifunga kitenge kiunoni, unangoja kuambiwa. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Wewe hukucheka. Uliuliza kama wale watu wamepewa kitu cha kunywa. Nikakwambia, Mama, hawakuja kwetu, wamekuja kwa ndege. Ukasimama, ukaweka sufuria jikoni, ukaniambia: "Mutu akisimama kwako, fungula kwanza. Utauliza kisha."

Basi wakaingia kwa makundi, soksi zao zinadondosha maji jikoni kwetu, wanakunywa chai ya tangawizi huku pua zinawatoka, wanakula mandazi. Ulimlazimisha Gloire awatafsirie kila kitu, hata aibu yako. Ukawaeleza kwamba kwetu watu wakisimama kimya mbele ya nyumba ya mtu, ni msiba, wamekuja kusimama na wenye nyumba. Walicheka kwanza. Yule mwanamke mrefu, Mama Linda, akakushika mkono.

Baada ya hapo kila baridi ikija walikuwa wanakuchukua. Mimi nasugua sufuria, wewe umevaa koti juu ya kitenge, unaingia kwenye gari la Papa Roy kama bibi harusi. Wakakupeleka Maple Grove kwenye maegesho ya maduka, kuona wale ndege wenye kishungi waliojazana kwenye miti ya matunda mekundu huku watu wanasukuma vitoroli chini yao bila hata kuinua kichwa. Wakakupeleka mtoni, kwenye maji yasiyoganda, kuona bata wa baharini. Wakakupeleka kwenye uzio wa uwanja wa ndege kumwona bundi mweupe aliyeshuka kutoka kaskazini, na hapo ukagoma kutoka ndani ya gari. Ulifunga mlango ukasali, na wao nje wanafurahi. Halafu ukashusha kioo kidogo ukauliza swali lako la siku zote, "Anakula nini?" Walipokujibu panya, ukasema basi abaki.

Ulirudi na hadithi na mashavu yamekauka. Nilikuwa nakuonea wivu kidogo. Mimi nimefika nchi hii nikajifunza njia ya kazini na njia ya dukani. Wewe uliyekuja mzee, bila lugha, ndiwe uliyekuwa unanieleza mji.

Kisha ukaanguka bafuni, na hospitalini hukukaa.

Tulikuzika Februari. Ardhi ilikuwa imeganda hata ikabidi waipashe moto kwanza ndipo ichimbike. Nilifikiri, laiti ungeliona hilo, mkulima wewe, ungesimulia mwaka mzima. Kilio kilikuwa hapa nyumbani. Wamama walilala na mimi sebuleni kwenye magodoro, wanaume walikaa gereji na hita, nyimbo hazikukatika. Kabla ya mazishi, mchana, Mama Espérance wa kwaya alivuta pazia akasema, "Bale bazungu ba ndege bako inje, barabarani."

Mama, hasira zilinipanda. Hujazikwa, na wao wamekuja kutazama mti. Sikuinuka. Sikuchungulia. Nilisema tu, "Mubaambie leo hakuna ndege." Kijana mmoja wa gereji akatoka kuwaambia, na Mama Espérance akasema wameondoka.

Sikuwaona tena. Hakuna aliyekuja kuaga, hakuna aliyeleta hata sukari. Unajua sisi tulivyo, mtu asiyekuja kwenye kilio hasahauliki. Wamekula mandazi ya mama yangu baridi ngapi? Papa Roy nilimkuta mara nyingi akisukuma theluji, akainamisha kichwa, na mimi nikainamisha changu, basi. Alikuwa anasafisha na kipande chetu cha njia, lakini hata hilo sikutaka kuliona. Mwaka mzima nimebeba hilo. Ndiyo maana Shemasi alipokuja nikafunga mdomo. Nilisema huyu ni wa mama, na hawatampata.

Jana Papa Roy aligonga mlango.

Alisimama pale juu ya mkeka wa viatu, kofia mkononi, hakutaka kuingia. Nilimtangulia kusema, nikamwambia najua, ameona ndege. Akasema amemwona tangu wiki iliyopita, kabla yangu, na hajamwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kwa sababu mlituambia hakuna ndege.

Nilidhani ananichokoza. Akatazama kofia yake. Akasema siku ile hawakuja kwa ndege. Hakuna aliyebeba darubini, hata moja. Walijiuliza sana wafanyeje, hawajui desturi zetu, hawajui kama mgeni anaruhusiwa kuingia. Ndipo Mama Linda akakumbuka ulichowaeleza jikoni: kwamba watu wanasimama kimya mbele ya nyumba. Wakafanya hivyo. Walitengeneza chai ya tangawizi kwenye chupa zao, kama ulivyowaonyesha, wakasimama wakingoja mlango ufunguliwe, maana wewe ulikuwa unaufungua. Akaja kijana akawaambia leo hakuna ndege. Walielewa kwamba hawatakiwi, wakaondoka, na tangu siku hiyo wameona aibu kupita kwetu.

Nilikaa chini palepale mlangoni, karibu na viatu. Yule mzee naye akakaa, taratibu, kwa sababu ya magoti yake. Tulikaa hivyo mlango ukiwa wazi na baridi inaingia, na mimi nikalia kilio ambacho mwaka jana hakikutoka vizuri. Gloire akashuka ngazi akatukuta. Akaniuliza, kwa Kiswahili, Mama, nani amekufa? Nikamwambia bibi yako. Akakaa na yeye.

Mama, ungekuwa wewe ungeinuka. Ungelia, lakini ungeinuka uende mlangoni. Mimi nilimtuma kijana na neno, na waliosimama nje walikuwa wamefanya vilevile ulivyowafundisha. Nisamehe, halafu uniache nilale.

Nimemwambia Papa Roy awaite. Wote, na Mama Linda. Kesho ni Jumamosi, siendi kazini. Unga nimeukanda, umefunikwa na kitenge chako cha samaki, nimekishusha nyuma ya mlango, usikasirike. Gloire amemenya matofaa yote yaliyokuwa ndani ya friji ili tu apate maganda, ameyamwaga chini ya mti, na Shemasi anakula sasa hivi ninapoandika. Hanitazami hata kidogo.

Bado nimechoka. Sitakudanganya kwamba uchovu umeisha. Lakini kesho watakapokuja kusimama nje, sitachungulia kuona kama wamebeba darubini. Sitauliza kama wamemfuata ndege au wamekufuata wewe. Nitafungua kwanza.

Lala, Mama. Chai itakuwa na tangawizi nyingi, kama yako.

Mwanao,
Solange