Gonga Mara Mbili, Baba

…na ndiyo maana, Baba, simwiti mume wangu jina. Hata hapa siliandiki.

Kamwene, nakusalimu kikwetu! Nilikuwa nakusimulia harusi: kanisa lilivyojaa, gauni nililoazima kwa mwalimu wangu wa sekondari, na yeye, jamani, alivyonitazama kana kwamba nimeshuka mbinguni asubuhi ile ile! Tumepanga chumba hapa mjini, mtaa wa Soweto. Baridi ya Mbeya siisikii kabisa. Akivuka tu kizingiti, vumbi la mbolea mpaka kwenye kope, moyo wangu unaruka kama wa mtoto. Anapakua mabehewa pale stesheni mpya. Kazi yako, Baba, ila haina bahari.

Kulabu yako nimeitundika ukutani, ile uliyovutia magunia bandarini Dar es Salaam miaka yote ile. Kila ulipokuja likizo kwetu kijijini Nyololo hukupiga hodi. Uligonga mlango kwa kulabu, mara mbili, nasi tukakimbia. Ulitufundisha: mara mbili, tulia, pako salama; mara tatu, toka hapo ulipo. Ukasema tumboni mwa meli hakuna kuitana majina. "Anayeitwa hutazama juu, na anayetazama juu hasogei." Wenzako wa pwani walikucheka: "Wewe mtu wa baridi, unaogopa hata jina lako!" Ukawajibu, "Chekeni. Siitiki."

Siku ile uliitika. Kwenye mazishi yako wenzako walituambia sauti ya mwanamke ilikuita kutoka juu, ukainua uso, mzigo ukakushukia. Melini hapakuwa na mwanamke. Mama alikuwa Nyololo, anapalilia. Lakini mmoja wa wenzako, aliposikia Mama analia, alishtuka kama aliyeitambua sauti ile, akainuka akatoka nje, na hakurudi.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita, mchana kweupe, mume wangu alikuwa chini ya winchi. Akasikia jina lake, juu. Kwa sauti yangu, anasema, tamu kabisa. Akaanza kuinua kichwa. Ndipo chuma kikagongwa: ko, ko, ko. Hajui kwa nini miguu yake ilimtoa. Kasha likatua pale pale alipokuwa amesimama.

Baba, mimi nilikuwa nyumbani, nachambua mchele wa Ubaruku. Na habari za kugonga sikuwahi kumwambia.

Jioni ile niliigusa kulabu yako ukutani. Ilikuwa imelowa. Nikaonja kidole. Chumvi.

Tangu hapo namwita "wangu", "roho yangu", "asali". Majirani wananitania: "Bibi harusi, hiyo asali haiishi?" Yeye anacheka, "Mke wangu, umesahau jina langu?" Nacheka naye. Nimemwapisha: ukisikia sauti yangu inakuita jina, huyo si mimi.

Lakini siwezi kuishi hivi. Nataka kumwita mume wangu jina lake, asubuhi, uani, watu wote wasikie. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda basi tuje Nyololo. Nitaiweka kulabu yako juu ya kaburi, nitamshika mkono, nami nitalitamka jina lake mara moja, kwa sauti yangu mwenyewe, upate kuitofautisha na ile nyingine.

Kisha tutanyamaza, tusikilize. Pumzika, Baba yangu. Siku hiyo gonga mara mbili tu.

Mwanao